Hodi katika Bonde la Saint Croix

Mama yangu alikaa kwetu Hopkins, huku Marekani, wiki tano tu, kisha akatangaza kwamba anarudi Iringa. Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani, mimi nina mimba ya miezi saba na miguu imevimba hata viatu vya mume wangu vilikuwa vinanibana. Aliyasema kwa upole, huku anakunja kitenge chake. "Mwanangu, mniangalizie tiketi. Mvua zinakaribia na shamba halijaguswa."

Sasa mtu mwenye akili timamu angesema: mama, usiende, nakuhitaji. Huyu alikuwa mtoto wangu wa kwanza, na mama alikuja kwa ajili hiyo hiyo. Alikuja kunipokea nikijifungua, kunikanda kwa maji ya moto, kunipikia uji wa ulezi na kumwogesha mtoto mpaka siku arobaini zitimie. Lakini mimi nina kiburi cha kuzaliwa nacho. Shangazi zangu husema nilianza kujibu watu wazima kabla sijaota meno. Nikamwambia, "Sawa mama. Kama shamba ni muhimu, nenda tu." Halafu nikaingia bafuni, nikafungulia bomba, nikalia.

Mume wangu alinisikia, maana kuta za lile jengo la zamani zilikuwa nyembamba, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Mama naye lazima alinisikia. Nilipotoka, kila mtu alijifanya kiziwi, tukala wali.

Kesho yake nikiwa ofisini Saint Paul, mbele ya kompyuta na rundo la fomu za serikali ya jimbo, nikapata wazo nililoliona ni la busara kupita kiasi. Nilijiambia kwamba mama amechoka kwa sababu hajaona kitu cha maana. Nikimwonyesha uzuri wa nchi hii, atabaki mwenyewe, bila mimi kupiga magoti. Kupiga magoti ndiko nilikokuwa nakukwepa, na leo nasema wazi.

Tulikuwa tumeshajaribu kidogo. Tulimpeleka kwenye lile duka kubwa lenye mabembea ndani, akakaa kwenye benchi saa mbili nzima, akauliza kama watu wote wale hawana kazi. Tulimpeleka ziwani, akashangaa maji mengi vile na hakuna hata mmoja anayefua. Tulimpeleka kuona jengo la bunge la jimbo, akainua kichwa akatazama kuba, akasema, "Wamepaka rangi vizuri." Basi. Ndiyo ikawa hotuba yote.

Aliyeniokoa, au niseme aliyenitia matatani, ni jirani yetu wa chini, dada mmoja wa Bukavu aliyekuwa anajua kila kitu. Nilimkuta chumba cha mashine za kufulia, nikamweleza shida yangu. Akaacha nguo zake zikizunguka, akanishika mkono.

"Dada, umupeleke mama kule vallée, ile bonde ya Saint Croix. Ni Wafaransa ndio waliipatia ile jina, zamani, wakati walikuwa wanafanya biashara ya ngozi za wanyama. Kuko mto, kuko mawe, kuko manyumba ya zamani, zote nyeupe. Utaona ni sawa na France kabisa."

"Wewe umefika Ufaransa?"

"Bado. Lakini najua."

Nilicheka, lakini nikaenda. Wakati ule simu zetu zilikuwa za kukunja, kazi yake kupiga na kupokea basi. Njia ulikuwa unaitafuta kwenye kompyuta na kuichapisha kwenye karatasi, kisha unaomba Mungu upepo usiipeperushe dirishani. Nikachapisha karatasi nne pale kazini. Mto Saint Croix uko mashariki, ndio unaotenganisha jimbo letu na Wisconsin. Tungeangalia mto wenyewe, tungeangalia mashimo makubwa kwenye miamba ambayo watu husafiri mbali kuja kuyaona, halafu jioni jioni tungeingia nyumba ya kihistoria ya tajiri mmoja wa mbao, ambayo hufunguliwa kwa wageni.

Ijumaa, nikiwa natengeneza chapati, mama akauliza, "Hiyo nyumba ya kesho ni ya nani?"

"Ya tajiri wa mbao, mama."

"Anajua kwamba tunakuja?"

"Mama, amekufa zamani. Miaka mia na zaidi."

"Poleni," akasema, kama kwamba mimi ndiye mfiwa. "Na waliobaki?"

"Kuna watu wanaitunza tu. Ni makumbusho."

"Basi wenyewe wapo." Akaondoka zake chumbani. Akarudi na kanga mpya, doti nzima, moja ya zile alizokuja nazo kwa ajili ya zawadi. Akafungua kabati langu, akachukua mfuko wa sukari ambao haujafunguliwa, akaufunga ndani ya kanga. Nikamwambia mama, makumbusho hayapelekewi sukari. Akaniangalia vile alivyokuwa ananiangalia nikirudi shule na sare imechanika. "Kwenda kwa watu mikono mitupu sikukufundisha mimi. Labda umefundishwa huku."

Niliona, acha abebe, sukari haina mguu, itarudi nyumbani.

Hapa nieleze jambo moja, la sivyo yaliyotokea hayataeleweka. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Wanaheshimiana mpaka inachosha. Mume wangu katika wiki zile tano alikuwa hajakaa kwenye kochi hata mara moja ikiwa mama yuko sebuleni. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mgongo umenyooka kama anapigwa picha ya pasipoti. Kumpinga mama kwa neno lolote ilikuwa haiwezekani. Mama angesema theluji ni nyeusi, yeye angejibu, "Ndiyo mama." Ndani ya gari mama alikaa nyuma, mimi mbele na karatasi zangu, na mume wangu aliendesha bila kugeuza shingo.

Jumamosi ilikuwa na jua kali na baridi kidogo, baridi ambayo mtu wa Iringa haoni shida nayo. Tulipoiacha Saint Paul nyuma, yakaanza mashamba ya mahindi yaliyokauka, pande zote mbili.

"Hawajavuna haya?" mama akauliza.

"Mashine zitavuna, mama."

"Shamba lote hili na hakuna mtu hata mmoja." Akalitazama mpaka likaisha, kwa huruma kabisa.

Kisha barabara ikaanza kushuka kuelekea bondeni, na miti ikawa mingi, na majani yake yamegeuka. Jamani, mimi nilikuwa nimeshaona msimu wa majani mara tano au sita, lakini mahali kama pale sikuwahi. Mekundu, ya manjano, rangi ya dafu, rangi ya binzari, mlima mzima. Nikageuka kumwangalia mama usoni, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Hii miti inaumwa?"

"Haiumwi, mama. Inajiandaa na baridi."

Akatazama miti, akatazama tumbo langu. "Ina akili. Inajiandaa mapema kuliko watu wengine."

Mume wangu alikohoa. Nilimwona anang'ata mdomo asicheke.

Mto tulioufikia una maji ya kahawia, maangavu, rangi ileile ya chai isiyo na maziwa, na pande zote mbili majabali meusi yamesimama wima. Mji ulio kando yake umepewa jina la maporomoko, kwa hiyo mama akauliza maporomoko yako wapi. Ilibidi nisome kibao. Kibao kikasema maporomoko yalifunikwa na maji lilipojengwa bwawa la umeme hapo juu.

"Kwa hiyo," mama akasema, "tumekuja kuangalia maporomoko yaliyozama."

"Ndiyo mama," mume wangu akajibu.

Lakini mashimo yale! Mashimo yalimkamata. Ni matundu ya mviringo yaliyochimbika ndani ya jabali gumu, mengine madogo unaweza kupikia, mengine unaingia mwenyewe ukasimama na bado juu yako kuna ukuta. Nilianza kusoma maelezo, barafu ya zamani, maji yenye nguvu, mawe, lakini mama alikuwa ameshachuchumaa anapapasa ukingo kwa kiganja.

"Hiki ni kinu," akasema. "Maji yameingiza jiwe, jiwe likazunguka, likatwanga mpaka likatoboa. Si ndiyo?"

Si ndiyo! Kibao chote kile cha wataalamu kilikuwa kinasema hivyohivyo. Tukashuka ngazi, tukaingia ndani ya shimo moja kubwa, baridi yake kama ya mtungi. Mama akasimama katikati, akainua uso kuangalia mduara wa mbingu, na ghafla akaanza kucheka.

"Kule Isimila watalii wanakuja na kamera kupiga picha zile nguzo za udongo. Mimi nimepita pale miaka na miaka na kuni kichwani, sijasimama hata siku moja. Leo nimepanda ndege, nimevuka bahari, nimekuja kusimama ndani ya shimo!" Alicheka mpaka akaegemea jiwe, nami nikacheka, tumbo likawa linaruka, na mume wangu akapata ruhusa ya kucheka na yeye.

Tulikula juu ya mwamba, chapati na kuku wa kukaanga, na chai ya maziwa kutoka kwenye chupa. Mama alimsalimia kila aliyepita. Kila mmoja, wazee, vijana wenye kamba za kupandia majabali, hata mbwa. "Good morning," saa nane mchana. Nao walimjibu wote kwa furaha, na mmoja alikula chapati. Nilijisemea moyoni, nimeshinda. Nimeshinda bila kusema neno.

Mama akafuta vidole, akavuta pumzi ndefu. "Pazuri sana, mwanangu. Ahsanteni. Jumatatu usisahau ile tiketi."

Nilisema, "Sawa mama," kwa sauti ya afisa wa forodha, nikaanza kukusanya vyombo kwa vishindo.

Ndivyo tulivyopanda kilimani kutafuta nyumba ya tajiri, mimi nikiwa nimenuna. Karatasi ilisema: pita kanisa, geuka kushoto, nyumba nyeupe yenye uzio mweupe na madirisha marefu. Basi kule juu kila nyumba ni nyeupe, kila uzio ni mweupe, na madirisha yote ni marefu. Wenye mbao wa zamani walijenga kama waliopeana fundi mmoja. Nilikuwa bado nageuza karatasi juu chini mama aliposema kutoka nyuma, "Ile pale. Mlango uko wazi. Wanatungojea."

Mume wangu akasimamisha gari. Baadaye sana, tena baada ya kubanwa, alikiri kwamba kibao cha makumbusho alikuwa amekiona, kiko mbele, nyumba ya tatu, na mshale juu yake. Lakini nilipomuuliza pale pale, "Ndiyo hii kweli?", alitazama kwenye kioo, akaona mama ameshatoa mguu mmoja nje na kanga ya sukari iko mkononi. Akasema, "Mama amesema ndiyo hii."

Mama alisimama chini ya ngazi za kibaraza. Alikataa kupanda. "Hodi!" akaita. "Hodi hapa!" Nikamwambia mama, makumbusho unaingia tu. "Nyumba haiingiwi tu," akasema, akaita mara ya tatu. "Hodi wenyewe!"

Akatoka bibi mmoja wa Kizungu, wa miaka sabini na kitu, aproni kifuani, miwani imepandishwa juu ya nywele nyeupe, kisu kidogo mkononi. Mama akakunja goti, akampa kile kifurushi kwa mikono miwili. Bibi akaipokea sukari, akaitazama kanga, akatazama tumbo langu, akatazama mume wangu aliyesimama nyuma ya kichaka cha maua kama anayetaka kujificha. Halafu akasema tuingie ndani, tusisimame kwenye upepo.

Mimi nikaingia kama mkaguzi. Nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika nakuwa na bidii. Nilichungulia kila chumba. Niliona jiko la chuma la kuni, saa ya ukutani yenye mlio mzito, picha za watu wenye ndevu na wasiotabasamu. Nyumba nzima ilinukia tufaha na mdalasini. Nikawaza, Wamarekani hawa kwa kweli wanaijua kazi, mpaka harufu wameweka!

"Mmetengeneza vizuri sana," nikamwambia bibi kwa Kiingereza changu cha ofisini. "Mtu anaweza kudhani kuna anayeishi humu."

"Najitahidi," akasema.

Nikafungua kabati nikakagua sahani. Nikabonyeza godoro la kitanda cha mbao, nikauliza ni cha mwaka gani. Akasema walikinunua yeye na marehemu mumewe walipooana. Mimi nikatikisa kichwa kwa kustaajabu, nikamnong'oneza mume wangu, "Wamefundishwa mpaka maneno ya kuigiza." Mume wangu jasho lilikuwa linamtoka. Alinionyesha kwa kidevu chumba cha pembeni. Ndani yake televisheni ilikuwa inaonyesha mpira, ule wao wa kukumbatiana, na juu ya kiti kulikuwa na blanketi na gazeti la siku ileile.

Hata hapo sikuelewa. Nilidhani ni chumba cha wafanyakazi. Nikamgeukia bibi, nikauliza, "Samahani, mnafunga saa ngapi?"

"Hapa? Nikienda kulala." Akatabasamu, uso wote ukajaa mikunjo. "Makumbusho yenyewe ni nyumba ya tatu kutoka hapa. Wao wanafunga saa kumi. Nadhani mmechelewa, mpenzi."

Yesu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na tumbo langu. Nilikuwa nimebonyeza godoro la mjane! Nikaanza kuomba radhi, Kiingereza kikanikimbia chote, nikawa nasema sorry, sorry, nikitafuta mlango. Bibi akanishika kiwiko. Akasema watu hupotea na kuja pale mara nyingi, yeye huwaelekeza tu na wanakwenda zao. "Lakini mama yako aliniita mara tatu kama mtu anayenihitaji," akasema, "kisha akanipa sukari. Sikujua namna ya kumwambia aende zake."

Nikaangaza macho. Mama hayupo. Tulimkuta jikoni.

Amekaa. Amejifunga ile kanga mpya ya zawadi kiunoni, ameikopa kwa muda, na mbele yake kuna mabeseni mawili ya tufaha, anamenya. Ganda linashuka refu, halikatiki. Bibi akanieleza kwamba alikuwa amejitolea kutengeneza vitumbua vya tufaha vya kanisa lao kesho, si vitumbua hasa, ni mikate yao ile ya kuokwa yenye matunda ndani, na vidole vyake siku hizi vinauma, alikuwa anafikiri ataishia njiani. Mama aliingia, akaona, akanyoosha mkono. Bibi akampa kisu. Ndivyo ilivyokuwa, bila neno.

"Mama," nikasema kwa meno yaliyofungwa, "inuka twende. Tumekosea nyumba. Hapa ni kwa mtu!"

"Najua ni kwa mtu. Ndiyo maana nilipiga hodi." Hakuinua hata macho. "Siwezi kuacha kazi katikati. Kaa umenye."

Tukakaa. Bibi alitupatia visu, mimi na mume wangu, ingawa mume wangu alikaa pembeni kabisa na beseni lake, mgongo kwa mama, heshima ikiwa bado inamtesa. Nilianza kupoa. Jiko lilikuwa na joto, dirishani mto ulionekana chini kabisa kati ya miti myekundu, na wale wamama wawili walikuwa wanaonyeshana jinsi ya kukata, huyu kwa Kiswahili, huyu kwa Kiingereza, wanaelewana vizuri kuliko mimi na mama kwa mwezi mzima.

Kisha bibi akaniuliza mtoto anatarajiwa lini. Nikamwambia, katikati ya Novemba. Akaacha kumenya. Akasema yeye alipojifungua mtoto wa kwanza mama yake alikuwa mbali, na alimtamani siku ile kuliko kitu chochote duniani. "Una bahati," akasema. "Wako yupo hapa."

"Anasemaje?" mama akauliza.

Ningeweza kudanganya. Nilifikiria kudanganya. "Anasema nina bahati kwamba utakuwepo nikijifungua."

"Na wewe umemjibuje?"

"Sijamjibu."

"Mjibu."

"Nimjibu nini, mama?" Sauti ilinipanda. "Wewe unaondoka. Unakwenda kulima."

"Shamba analilima mdogo wako, na unajua." Mama akaliweka tufaha mezani. "Mwambie huyu mama hivi: mimi sijaombwa kubaki."

Mume wangu alikumbuka ghafla kwamba kuna kitu cha kuangalia kwenye matairi. Akatoka.

"Wiki tano nimekaa kwako," mama akaendelea, na hakupaza sauti, laiti angepaza. "Nikishika ufagio unaninyang'anya, pumzika mama. Nikiingia jikoni, kaa mama, hili jiko utaungua. Nikisema nifue vinguo vya mtoto, mashine imeshafua. Unarudi kazini miguu kama magogo, nasema njoo nikukande, unasema niko sawa mama. Uko sawa! Mtu aliye sawa anamvusha mama yake bahari aje kufanya nini? Kukaa kwenye kochi? Huyu hata jina lake silijui. Kaniona nina mikono, kanipa kisu. Nikasema, ala, kumbe bado mimi ni mtu."

Nilikuwa na majibu. Huwa ninayo, nilikuwa nayo matatu na yote makali. Nilitaka kusema kwamba nilikuwa namheshimu, kwamba alifanya kazi maisha yake yote na nilitaka akae tu, aangaliwe kama malkia. Lakini nilipofungua mdomo ikatoka sauti nyembamba nisiyoijua, sauti ya mtoto.

"Mama, naogopa. Naogopa kuzaa. Sijui kumshika mtoto, sijui chochote, na kila siku naogopa. Usiniache."

Mama akaweka kisu chini. "Hapo sasa," akasema. "Hapo umesema." Akavuta kiti chake mbele ya changu, akajifuta mikono, akanivua viatu, akaipakata miguu yangu miwili mapajani mwake, pale pale katika jiko la mtu tusiyemjua, akaanza kuikanda kwa vidole gumba. Iliuma na ilipoza. Nililia kwa sauti, bila bomba lolote la kunifunika. Bibi hakuelewa hata neno moja. Aliinuka, akajaza birika, akaliweka jikoni, na maji yalipopata moto akaleta beseni na taulo, akaviweka karibu na goti la mama kama waliokwishapanga.

Tuliondoka matufaha yote yamekwisha kumenywa. Bibi alitupatia mfuko uliojaa mengine mazima, na yeye na mama walikumbatiana mlangoni wakaongea kila mmoja kwa lugha yake mpaka mume wangu akawasha gari.

Njiani mama alianza. Mama mkwe ambaye kwa wiki tano alikuwa hajamwagiza mkwewe hata glasi ya maji, sasa alitoa orodha kutoka kiti cha nyuma. Anataka ulezi, atafute unakouzwa. Anataka beseni kubwa la kukandia, si hivi vya kuoshea mikono. Kile kitanda cha wageni kihamishiwe karibu na mlango wetu. Na mwanamke huyu, yaani mimi, asiinue kitu kizito tena. "Ndiyo mama," mume wangu akasema kila mara, na safari hii alikuwa anatabasamu waziwazi.

Tulipoingia barabara kuu nikauliza bila kugeuka, "Kwa hiyo utakaa mpaka lini?"

"Mpaka siku utakayoniambia nimekuchosha."

Mtoto alizaliwa Novemba, msichana, na mikono ya kwanza ya kwetu kumwogesha ilikuwa ya mama. Alikaa mpaka viza ikagoma. Alipanga upya jiko langu hata chumvi nikawa naiomba. Alinikanda kwa maji ya moto mpaka majirani wakagonga ukuta kwa mayowe yangu. Alinilazimisha uji nisioutaka, alinifunga tumbo kwa kanga nikakosa pumzi, alinigombeza jinsi ninavyonyonyesha, ninavyokaa, ninavyofungua dirisha. Haki ya Mungu, alinichosha. Alinichosha asubuhi, mchana na jioni, na sikumwambia hata mara moja.